Mwenye Njaa Hana Miiko? Tathmini ya Gemu ya This War of Mine

Gemu nyingi za vita humpa mchezaji bunduki dakika ya kwanza na kumwonyesha wa kumpiga. This War of Mine humpa raia watatu wenye njaa, nyumba iliyotobolewa na makombora, na lundo la kifusi katikati ya sebule. Kazi ni moja: kuwafikisha watu hao hai mpaka siku mapigano yatakaposimama, na siku hiyo huambiwi ni lini. Iliundwa na 11 bit studios, kampuni ya Warsaw nchini Poland, ikatoka Novemba 2014 kwenye kompyuta na mwaka uliofuata kwenye simu. Zaidi ya miaka kumi imepita, bado inauzwa, bado inachezwa, na bado inasifiwa kwa sentensi ileile: eti inaonyesha binadamu anavyogeuka mnyama akikosa chakula.

Sentensi hiyo ina nusu ya ukweli. Wahenga walishasema mwenye njaa hana miiko, na gemu hii ingeishia hapo isingekuwa na jipya. Ubora wake uko kwingine: inakuonyesha mwiko unavunjwa usiku gani, kwa sababu gani, na ni kosa gani la siku tano nyuma lililokusukuma mpaka hapo. Anayeicheza mara ya kwanza hulaumu vita. Anayeicheza mara ya nne huanza kulaumu ratiba yake ya kuni.

Mji wenyewe unaitwa Pogoren, mji wa kubuni. Waundaji walichota kutoka kuzingirwa kwa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, uliobanwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425. Ukilijua hilo, mambo mengi madogo yanapata maana: kwa nini sigara hubadilishwa kama fedha, kwa nini kuna makutano ya barabara yanayolindwa na mdunguaji, kwa nini kitabu kina matumizi mawili, kukisoma ili moyo utulie au kukitia motoni ili chumba kipate joto. Kitufe cha kusoma na cha kuchoma havina tofauti yoyote ya heshima. Vyote viwili vinabonyezwa kwa kidole kilekile.

Siku imegawanyika mara mbili. Mchana wadunguaji wanazuia kila mtu kutoka, hivyo mnabaki ndani: kupika, kujenga, kulala, kufunga majeraha, kufungua mlango anapobisha mtu. Usiku unachagua mmoja wa kutoka kwenda kuokoteza, na wengine unawapangia kulala au kulinda. Anayetoka lazima arudi kabla ya alfajiri. Picha zimechorwa kama kwa penseli, rangi ya majivu, na nyumba huonekana kwa ubavu kana kwamba ukuta wa mbele umekatwa. Hakuna mafunzo ya mwanzo. Hakuna anayekueleza kwamba ukikimbia ghorofani, aliye chini anasikia. Unaona tu vijiduara vya sauti vikitokea nyuma ya ukuta, na unajifunza kwa kupigwa.

Kundi ambalo wengi huanza nalo ni Pavle, mchezaji mpira, Marko, mzimamoto, na Bruno, mpishi wa kwenye televisheni. Kila mmoja ana jambo lake. Pavle ana mbio, jambo linalookoa maisha pale kwa mdunguaji. Bruno hupika kwa kutumia vitu vichache kuliko wengine, kwa hiyo kumweka mtu mwingine jikoni wakati Bruno yupo ni uharibifu mtupu. Marko ana begi la nafasi 15, wakati Bruno na Pavle wana nafasi 10 kila mmoja. Tofauti hiyo ya nafasi tano inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa muda wa wiki tatu za kutoka kila usiku ndiyo inayoamua kama mtakuwa wezi.

Tuanze na wiki ya kwanza, maana ndiyo inayopuuzwa. Ndani ya nyumba mna makabati, milango iliyofungwa na vifusi, na mgeni wa gemu hii hutumia siku mbili nzima akipekua kwa mikono mitupu. Kuchimba kifusi bila koleo kunakula saa za mchana ambazo hazirudi. Linalofaa ni kujenga karakana ya chuma mapema, kutoa koleo na mtaimbo, kisha ndipo kuendelea na upekuzi. Mtaimbo unatumika mara nyingi ila una kelele. Ufunguo malaya hauna kelele lakini ukifungua mlango mmoja umekwisha, unatengeneza mwingine. Kwenye nyumba isiyo na mtu, mtaimbo. Kwenye nyumba yenye watu waliolala, ufunguo. Wanaobeba vyote viwili kila usiku "kwa tahadhari" wameshapoteza nafasi mbili kabla hawajatoka nje.

Vitanda ni viwili kwa watu watatu, si vitatu. Mmoja huwa nje usiku na atalala mchana. Hapo mmeokoa mbao na vipuri vya kutosha kuanza jiko. Baada ya jiko ni pipa la kukingia maji ya mvua, ambalo halifanyi kazi bila kichungio, na mtego wa panya, ambao haufanyi kazi bila chambo. Chambo kinaweza kuwa mbolea, mboga au nyama mbichi, na wageni wengi huweka nyama kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, wakiliwa na mtego badala ya kula kutoka humo. Mbolea ndiyo inayopaswa kwenda kwenye mtego. Chakula kimoja kilichopikwa kinataka vipande viwili vya chakula kibichi, au kipande kimoja na mboga moja, pamoja na maji na kuni. Kula kibichi inawezekana, ila kinashibisha kidogo kiasi kwamba ni kama kukitupa.

Na sasa lile ambalo halisemwi kwenye matangazo: wazoefu hawalishi watu wao kila siku. Husubiri alama ya "ana njaa" igeuke kuwa "ana njaa kali", ndipo wanapika, kwa sababu sahani moja ya wakati huo inaokoa zaidi ya sahani mbili zilizowahishwa. Inafanya kazi vizuri sana. Ukiangalia kwa karibu, lakini, umekaa mbele ya kioo cha kompyuta ukimtazama mtu akijishika tumbo karibu na jiko lenye chakula, na unamwambia kesho. Gemu hailioni kama kosa. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye giza lake la kweli, kwa vile hapana damu wala mwizi, ni mgao tu.

Baridi hufika bila kuuliza kama mmejiandaa. Redio, ukiijenga, hutangaza hali ya hewa, wimbi la uhalifu na bidhaa zinazotafutwa sokoni, na asiyesikiliza redio anaupokea msimu huo akiwa hana jiko la kupashia joto. Kipimajoto kikishuka watu huanza kuugua, mgonjwa hulala kitandani, aliyelala hafanyi kazi, na kazi isiyofanyika ni kuni zisizopatikana. Mnyororo huo ukianza, siku nne zinatosha kuangusha nyumba nzima. Shoka ndilo linalokata mnyororo huo: kabati na viti vya nyumba yenu wenyewe hugeuka kuni na mbao. Kwa hiyo shoka litoke kwenye karakana kabla ya theluji, si baada.

Tuje kwenye begi lenyewe. Chukulia Marko amesimama kwenye chumba kilichobomoka, saa zimebaki chache, na mbele yake kuna mbao, vipuri, mkufu wa dhahabu, bendeji moja na kopo la chakula. Mbao zinajaza begi haraka mno. Mkufu ni mdogo na unauzika, lakini hauliwi. Kopo linaliwa bila kuni wala maji. Mchezaji mgeni huchukua kopo, bendeji na mkufu, anarudi nyumbani akijiona ameshinda, na baada ya siku sita hana mbao za kujengea chochote. Mzoefu hujaza mbao na vipuri usiku wa kwanza mpaka wa nne, akiwaacha watu wake na njaa kidogo, kwa kuwa anajua sehemu zisizo na watu zina vifaa vingi na chakula haba, na sehemu zenye chakula kingi zina wenyewe. Ramani inaandika kabisa, kabla hujaenda, ni vitu gani viko kwa wingi wapi na kama kuna hatari. Asiyejenga mapema atalazimika kwenda penye wenyewe, akiwa na njaa, bila cha kubadilishana. Uovu wa gemu hii, sehemu kubwa, hutokea kwa mpangilio huo.

Penye wenyewe panapojulikana kuliko pote ni ile nyumba tulivu ya wazee wawili, mume na mke. Haijavunjwa. Ina chakula, ina dawa, na hakuna silaha. Ukiingia, mzee anakufuata chumba hadi chumba akikusihi uwaache. Hakupigi. Hafungi mlango. Kila kabati linakuonyesha kwamba kilichomo ni mali ya watu, na mkono wako unaendelea kubonyeza. Kwa hesabu ya kawaida ndiyo safari nyepesi kuliko zote katika Pogoren: hakuna hatari, begi linajaa, unarudi mapema. Bei yake inakuja asubuhi. Aliyefanya kazi hiyo anaamka na huzuni, waliobaki nyumbani wanalizungumza, na kwenye ukurasa wa wasifu wake, pale palipoandikwa kazi yake ya zamani na familia yake, panaongezwa maneno ya alichokifanya.

Hapo waundaji wamefanya jambo la busara. Wahusika hawapokei dhambi kwa kiwango kimoja. Kuna anayeporomoka kwa wizi mmoja na kuna anayejiambia kwamba wakati ni wa vita na kuendelea na chai yake. Cveta, aliyekuwa mwalimu mkuu, na Arica, binti aliyezoea kuingia nyumba za watu bila kusikika, hawawezi kutumwa kazi moja kwa matokeo yaleyale. Ndiyo maana wachezaji hujikuta wakipanga: wizi atumwe yule asiyejali sana. Ukifika hatua ya kumchagua mtu kwa ugumu wa moyo wake kama unavyochagua mtu kwa ukubwa wa begi, gemu imeshakufundisha jambo bila kuandika neno.

Duka kubwa lililotelekezwa ni kesi nyingine. Katika mojawapo ya sura zake, maana mahali palepale huweza kubadilika ukianza gemu upya, unakuta askari mwenye bunduki akimsumbua msichana aliyekuja kutafuta chakula, na nia yake haifichiki. Unao muda mfupi wa kuamua. Kumvaa askari bila silaha ni kujiua, tuseme wazi. Mwenye kisu na mahali pa kujificha ana nafasi, asiye nacho hana. Wengi hugeuka na kuondoka, wakabeba walichokipata upande wa pili wa duka, na mhusika anarudi nyumbani amevunjika moyo ingawa hajaiba wala kuua mtu. Tumeisikia lawama kwamba ni uonevu kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Hatukubaliani nayo. Anayerudi kutoka pale akiwa mchangamfu ndiye angekuwa wa kutia shaka.

Hospitali na gereji zinafaa kutajwa pamoja kwa sababu zinafundisha njia ya tatu. Hospitalini madaktari wanatibu majeruhi na kufanya biashara, na kuwaibia kunaumiza mioyo kuliko karibu wizi mwingine wote. Gereji, katika sura moja, ina kijana anayetafuta dawa za baba yake mgonjwa na analipa vizuri. Ukiwa na kitu cha kubadilishana, sehemu hizo mbili zinaondoa sababu ya kuiba. Vitu vinavyofaa ni vile usivyovihitaji ili kuishi: gongo unayoitengeneza mwenyewe kwa sukari na maji, kahawa, sigara, vito. Lakini angalia kwanza nani anavuta na nani ana uraibu wa kahawa kwenye nyumba yako, maana kumuuzia Franko, mfanyabiashara anayepita mlangoni kila baada ya siku chache, sigara zote kutamkosesha raha mtu wako mwenyewe. Kama Katia, mwandishi wa habari, yumo kwenye kundi, yeye ndiye azungumze bei kila wakati. Ana ulimi.

Tumefika kwenye udhaifu mkubwa wa bidhaa hii, na hapa hatutakuwa wapole. Dhamiri imefanywa kipimo, na kipimo kikishajulikana kinachezewa. Ngazi ni chache: sawa, mwenye huzuni, mwenye sononi, aliyevunjika. Aliyevunjika hakubali tena amri. Anaweza kukaa sakafuni, kugombana, kutoroka na akiba, hata kujitoa uhai. Inatisha mara ya kwanza. Mara ya tatu unajua kwamba mtu mwenye moyo mzuri akizungumza na mwenye huzuni anapanda, kwamba kitabu kinasaidia, kwamba pombe inasaidia, kwamba kumsaidia jirani aliyebisha hodi kunapandisha nyumba yote. Basi unawaibia wazee Jumatatu, unawapa watoto waliokuja kuomba dawa ya mama yao Jumatano, na hesabu inafungwa. Majuto yamekuwa kama kuni: yanaisha, yananunuliwa upya. Binadamu wa kweli hakumbuki kwa namna hiyo.

Kuna na jingine. Gemu imeshaamua kabla yako nani anastahili kufa. Majambazi wenye silaha ukiwaua, watu wako hawasononeki, na mara nyingine mnarudi na bunduki zao bila kovu lolote moyoni. Wachezaji waliobobea hulitumia hilo vizuri: hujificha gizani na kisu, hutoa kelele kidogo ili mmoja aje peke yake, humchoma kwa nyuma, na kurudia. Siku tatu baadaye wana silaha za kutumia na za kuuza, na ghala zima la majambazi. Kwa ufundi ni njia nzuri. Kwa mada ambayo gemu inajinadi nayo, ni mlango wa nyuma, kwa kuwa swali gumu la "huyu naye ana nani nyumbani?" limefutwa. Na mapigano yenyewe ni mazito kuyaendesha, hasa kwenye simu, ambako kidole kinafunika pale unapotaka kubonyeza.

Uvamizi wa usiku umefanywa vizuri zaidi. Asubuhi unapewa taarifa fupi: walikuja, walichukua hiki na kile, fulani kajeruhiwa. Hakuna picha, hakuna sura. Kinachopunguza hasara ni kuziba matundu ya nyumba kwa mbao, kuweka mlinzi aliyelala vya kutosha mchana, na kumwachia silaha. Kosa la kawaida ni kutoka na kisu pekee cha nyumba na kumwacha mlinzi na mikono mitupu. Kosa la pili ni kumpanga ulinzi mtu yuleyule usiku tatu mfululizo, akachoka mpaka akaugua. Jambo lililo zuri kulitazama ni jinsi uvamizi unavyobadilisha masikio yako: baada ya kuibiwa mara mbili, hodi ya jirani mlangoni inasikika kama ya adui, na wengi hapo ndipo huacha kusaidia. Hilo halikuandikwa na mtu kwenye kanuni za gemu. Linatoka kwa mchezaji.

Lakini Sarajevo yenyewe haikuishi hivyo tu, na hapa gemu inaudanganya mji uliouzaa. Watu wa Sarajevo walipanga foleni za maji kwenye kiwanda cha bia huku wakipigwa makombora, walichimba handaki la takriban mita 800 chini ya uwanja wa ndege mwaka 1993, waliendesha madarasa kwenye vyumba vya chini, na tamthilia zilichezwa kwa mwanga wa mishumaa. Mwaka huohuo yalifanyika hata mashindano ya ulimbwende. Walanguzi walikuwepo na walitajirika, hatusemi walikuwa malaika. Ila katika Pogoren hakuna jiko la pamoja, hakuna kisima cha mtaa, hakuna namna ya kuwaambia majirani walinde zamu na nyinyi mlinde zamu. Jirani huja kuomba, au kukupa kitu kidogo, kisha anaondoka. Nyumba yako ni kisiwa kwa amri ya waundaji. Mtu akisema gemu hii imethibitisha kwamba binadamu akibanwa ni fisi, akumbuke kwanza kwamba gemu haikumpa kitufe cha kushirikiana.

Kuhusu vifurushi vya nyongeza, tutapita haraka. The Little Ones kinaongeza watoto ndani ya nyumba. Hawatoki usiku, wanataka kuchezewa na kufundishwa kazi, na kinabadilisha kabisa hesabu ya chakula kwa vile mtoto hawezi kuambiwa "kesho" kama unavyomwambia Bruno. Kinafaa. Kati ya hadithi tatu zilizofuata, Father's Promise, The Last Broadcast na Fading Embers, ya mwisho ndiyo inayogusa mada hii kwa kina: nyumba imejaa kazi za sanaa na kumbukumbu za watu, nje ni baridi, na kila kitu kinawaka. Toleo la Final Cut la mwaka 2019 liliongezwa bure kwa waliokuwa wameshainunua kwenye kompyuta, kwa hiyo anayenunua sasa asitafute toleo la zamani.

Umri. Gemu hii ni ya watu wazima. Serikali ya Poland ilitangaza mwaka 2020 kuiweka kwenye orodha ya shule ya kazi za kusomwa, na hata huko ililengwa kwa wanafunzi waliofikisha miaka 18. Mtu kujiua, njaa, na lile tukio la dukani si mambo ya kumpa mtoto simu na kuondoka. Ikumbukwe pia kwamba kampuni hii imewahi kutoa mapato yake kwa wahanga wa vita: mwaka 2015 ilitoa kifurushi kidogo cha kuchangia War Child, shirika linalosaidia watoto walioathiriwa na vita, na Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, faida ya siku saba ya gemu hii ilipelekwa Msalaba Mwekundu wa Ukraine.

Kiufundi haina makuu. Kompyuta ya kawaida inaiendesha, na kwenye simu ukishaipakua unaicheza bila intaneti. Maandishi ni madogo kwenye kioo kidogo, na hayako kwa Kiswahili, hivyo asiyesoma Kiingereza au mojawapo ya lugha nyingine zilizomo atapoteza wasifu za wahusika, ambazo ni nusu ya bidhaa. Tumia vipaza sauti vya masikioni. Mlango unaofunguliwa chumba cha jirani unasikika kabla haujaonekana, na mara nyingi sekunde hizo ndizo za kujificha.

Jambo la mwisho la kujua kabla ya kununua ni jinsi inavyohifadhi. Inahifadhi asubuhi tu. Ukizima katikati ya usiku, ukirudi unaanza siku ileile upya, kana kwamba hukuwahi kutoka. Wengi wameligundua hilo: Marko akipigwa risasi, wanazima. Mzee akianza kusihi na wakaona aibu, wanazima. Bila kuzima, mchezo wako wa kwanza huenda ukaishia siku ya kumi na mbili na watu wawili wamekufa, na hiyo ni kawaida. Anayetaka kujua kama angewaibia wale wazee asiguse kitufe cha kutokea mpaka kuche.